Habari za Impeke katika Katumba na Mishamo

Mwalimu mmoja wa dini wa upande wa Mpanda alituandikia akitaka shauri. Katika kijiji anachofundisha wako Wakristo wenye asili ya Burundi, nao humwalika mara kwa mara nyumbani mwao pale wanapomaliza matanga. Akifika huona mtungi umewekwa katikati ya ua, na wazee wameuzunguka kila mmoja na mrija wake. Yeye hajui la kufanya. Akiketi, waumini wengine humnong'ona kwamba mwalimu amekuwa mlevi. Akiondoka, wenye nyumba huhuzunika kana kwamba amekataa kuzika pamoja nao. Swali lake ni fupi: je, mtungi ule ni ulevi, au ni kitu kingine?

Sisi si waamuzi wa kanisa lo lote, wala hatutaki kumpa jibu la ndiyo au siyo. Lakini tumekaa na watu hao miaka mingi, na twaona ya kuwa mtu hawezi kujibu swali hili vema kabla hajajua kinywaji chenyewe hupikwaje, na hupikwa kwa ajili ya nani. Basi tutayaeleza hayo.

Wasomaji walio mbali na Katavi yafaa wakumbushwe kwanza habari za watu wenyewe. Tarehe 29 Aprili 1972 kulitokea maasi kusini mwa Burundi, nayo serikali ya Micombero ikalipiza kwa mauaji makubwa juu ya Wahutu kwa muda wa miezi kadha. Idadi ya waliouawa hutajwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Waliotafutwa mbele ya wengine wote walikuwa watu waliosoma: waalimu wa shule, wanafunzi, waganga wa hospitali, makarani, na wahubiri. Waliookoka walikimbia, na wengi wao waliingia Tanzania. Serikali ya Tanzania iliwapa mahali pa kukaa katika misitu iliyokuwa na watu wachache: Ulyankulu katika nchi ya Tabora mwaka 1972, Katumba karibu na Mpanda mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Walikata miti ya miombo, wakalima mahindi, maharagwe, mihogo na tumbaku, hata nchi iliyokuwa ya tembo na nyuki ikawa ya vijiji.

Mambo ya mwaka 1972 Warundi huyaita Ikiza. Msomaji asilichanganye neno hili na kiza chetu cha usiku. Ikiza kwa Kirundi ni pigo kubwa liwaangukialo watu wote pamoja, kama tauni. Liisa Malkki, bibi msomi aliyekaa Mishamo katika miaka 1985 na 1986, aliandika kitabu, kilichotolewa mwaka 1995, akaonyesha jinsi watu wa Mishamo walivyoyasimulia mambo hayo tena na tena kwa utaratibu ule ule, kama watu wasomao katika kitabu kisichoandikwa. Nasi tumeyasikia hivyo hivyo. Lakini masimulizi ni kazi ya mdomo, na yako mengine ambayo mdomo hauyawezi. Hayo ndiyo yaliyoachiwa mtungi.

Kwa desturi ya Burundi, matanga yana mwanzo na mwisho. Siku chache baada ya mazishi watu wa nyumba hukusanyika kwa tendo liitwalo guca ku mazi, maana yake ni kupita katika maji, yaani kunawa. Kisha hukaa katika hali ya msiba kwa muda mrefu, mara nyingi mwaka mzima. Mwisho wake huitwa kuganduka. Siku hiyo jamaa na jirani hualikwa, habari za marehemu husemwa mbele ya watu, madeni yake na wadai wake hujulikana, mjane na watoto huwekwa chini ya uangalizi wa wakubwa, na watu hula na kunywa pamoja. Tangu hapo nyumba huwa huru: mjane aweza kuolewa, kijana aweza kuoa, na kicheko hakiwi aibu tena.

Sasa afikiri msomaji juu ya nyumba ambazo baba alichukuliwa mwaka 1972 akatiwa garini, asionekane tena. Hapana kaburi, hapakuwa na mazishi, wala guca ku mazi. Mke hakujua kama ni mjane au siyo. Kufanya kuganduka ni kukiri kwamba amekufa, na ni nani aliye tayari kumfia mumewe kwa kinywa chake mwenyewe? Kwa hiyo tumekuta katika Katumba matanga yaliyokaa miaka 20, 30, na zaidi, bila kufungwa. Mwalimu ajaye kutoka nje huona watu wanaolima, wanaouza tumbaku, wanaoimba kanisani. Hajui ya kuwa nyumba ile bado imo msibani.

Kinywaji cha siku ya kuganduka ni impeke. Neno lenyewe maana yake ni punje za nafaka, na kwa kuwa hutengenezwa kwa punje za mtama, kinywaji kimelichukua jina la punje. Pombe ya ndizi, iitwayo urwarwa, nayo ni ya heshima; lakini wazee hupenda impeke, kwa sababu ndizi ni za shamba la mtu mmoja, na mtama hupita katika mikono mingi kabla haujawa kitu cha kunywa. Katika Katavi mahindi ni mengi kuliko mtama, hata wengine huchanganya. Walio waangalifu hulima kipande kidogo cha mtama mwekundu kwa kazi hii tu.

Kazi huanza kwa kuloweka. Mtama hutiwa katika maji kutwa moja na usiku wake. Mtama mwekundu una ukakasi katika ganda lake, kwa hiyo mwanamke ajuaye kazi huuchanganya na majivu ya kuni yaliyochekechwa, ndipo ukakasi hupungua. Kisha huutandaza juu ya majani ya mgomba penye kivuli, akaufunika kwa majani mengine, akaunyunyizia maji. Siku ya tatu punje huwa zimetoa vijimizizi vyeupe. Hapo ndipo pa kuangalia sana. Ukizitoa mapema, kinywaji hakiwi kitamu. Ukizichelewesha, chipukizi hurefuka na utamu wote huishia katika majani. Tena chipukizi za mtama zina sumu, kama wafugaji wajuavyo kwa ng'ombe wao wanaokula mtama mchanga. Kwa hiyo mtama ukiisha kuanikwa juani na kukauka vizuri, husuguliwa kwa viganja hata mizizi na chipukizi zote zianguke, ukapepetwa, ndipo ukasagwa. Huu ndio unga wa kimea. Tumeona wasichana wa siku hizi wakiruka kazi hii ya kusugua ili wapate nafasi; waonywe.

Unga hugawanyika mafungu mawili. Fungu kubwa hupikwa uji mwepesi, ukachemka sana. Fungu dogo huwekwa bichi. Uji ukiisha kuiva huepuliwa na kuachwa upoe, nao hauachwi kwa saa moja tu. Mara nyingi tangu jioni mpaka usiku mkubwa. Ukiwa na uvuguvugu kama maji ya kumwogesha mtoto, hutiwa lile fungu la kimea kibichi, ukakorogwa, ukafunikwa. Asubuhi uji uliokuwa mzito umekuwa mwepesi na mtamu. Usiku wa pili huanza kutoa povu, na siku ya tatu ni impeke hasa.

Kwa nini usitie kimea chote jikoni, ukaokoa muda? Tulimwuliza hivyo bibi mmoja wa Katumba tuliyemkuta akipika, akacheka. Alisema, "Wanangu, ukitia kimea uji ungali moto, kimea hufa." Na neno lake ni kweli hata kwa wataalamu. Punje inapoota hutengeneza ndani yake vimeng'enya, vitu vigeuzavyo wanga kuwa sukari. Navyo huharibiwa na moto mkali. Bibi yule hakupata kusikia habari ya vimeng'enya. Alijifunza kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake.

Hapa tupumzike kidogo tutazame lugha, kwa maana iko faida. Mwalimu asikiaye Kirundi kwa mara ya kwanza hudhani ni lugha ya mbali. Lakini akitega sikio atakuta jamaa za Kiswahili kila mahali. Penye sauti ya p kwetu, mara nyingi wao wana h: kupa ni guha, hapa ni aha. Tena Kiswahili kimeangusha l au r katikati ya maneno mengi ambayo Kirundi kimeyahifadhi: njia kwao ni inzira, njaa ni inzara. Basi kumea kwetu ni kumera kwao, na kimea kimetoka huko. Ukizishika kanuni hizi mbili pamoja, utaona mara moja kwamba kupoa kwetu ni guhora kwao. Uji uliopoa umehora. Na kutoka guhora hutoka jina amahoro, ambalo ni salamu yao ya kila siku, na ndilo neno lao la amani. Sisi Waswahili tulichukua amani kwa Waarabu. Warundi wameiita kwa tendo la uji: ni ile hali ya kitu kilichokuwa cha moto kikapoa. Mhubiri ajihadhari, hata hivyo. Liko neno jingine liandikwalo vivyo hivyo, guhora, ambalo maana yake ni kulipiza kisasi, nayo hutambulikana kwa jinsi ya kulitamka tu. Mgeni asiyeshika sauti aweza kusimama mimbarani akataka kuhubiri hili, akahubiri lile.

Turudi kwenye mtungi. Kwa Kirundi mtungi ni ikibindi, na mrija ni umuheha. Wazee hukaa kwa kuzunguka, mwenye nyumba akaonja mbele ya wote, ili ijulikane kwamba hamna kitu kibaya ndani. Kisha mirija huingizwa. Maana ya desturi hii ni wazi: hakuna mtu awezaye kumtilia mwenzake sumu katika mtungi ambao yeye mwenyewe anaunywa saa ile ile. Ndiyo sababu wawili waliogombana hawakubali kuweka mirija katika mtungi mmoja. Na siku wakubalipo, ugomvi umekwisha, hata kama hapana maneno mengi yaliyosemwa. Katika Burundi wale wazee wa baraza waitwao abashingantahe, yaani wapandao fimbo ya hukumu, walipoamua shauri waliwanywesha waliogombana pamoja. Twajua pia kwamba katika miaka ya baadaye mtungi wa wazee uligeuka mahali pengi kuwa rushwa, mwenye mtungi mkubwa akashinda shauri. Hatufichi jambo hili.

Bibi tuliyemtaja alikuwa akipika kwa sababu ambayo yafaa kusimuliwa. Ilikuwa mwaka 2008. Mwaka uliotangulia serikali ya Tanzania ilikuwa imewauliza watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu wachague: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania. Watu wa mbali huona kwamba hilo ni jambo la furaha tupu, na kwa serikali ulikuwa ukarimu usio na mfano mwingi katika dunia. Lakini ndani ya nyumba lilikata kama kisu. Mume wa bibi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kusini mwa Burundi. Alichukuliwa Mei 1972. Bibi alikuja na wanawe wawili wa kiume. Sasa mkubwa alitaka kurudi akadai shamba la baba yake. Mdogo, aliyeoa Katumba na kuzaa watoto sita, alitaka kubaki. Walikuwa hawasemezani tangu masika. Mkubwa alisema kwamba mdogo amemwuza baba yao. Mdogo alijibu kwamba mkubwa anakwenda kupigana na watu wasiomjua kwa ajili ya shamba ambalo halikumbuki.

Bibi hakuamua kati yao. Alisema atafanya kuganduka ya baba yao, jambo alilolikataa miaka 36. Aliloweka mtama mwenyewe, akawaagiza wanawe wote wawili wakate matete mtoni kwa mirija. Siku ilipofika alisimama, akataja jina la mumewe, shule aliyofundisha, na kwamba alidaiwa mbuzi mmoja na jirani ambaye naye hakuonekana tena. Kijana mmoja wa jamaa akasema kwa sauti kuu kwamba wauaji nao watajwe. Bibi akamwambia, "Watatajwa. Leo ni siku ya baba yako mkubwa." Kijana akakaa. Ndipo wale ndugu wawili wakaweka mirija yao, kwanza mdogo, kisha mkubwa. Mrija mmoja ulisimama mtungini bila mtu. Tuliwauliza wazee kama hiyo ni desturi ya Burundi. Wakasema sivyo, ni ya bibi mwenyewe.

Mkubwa alirudi Burundi mwaka ule ule, akiwa mmoja wa watu wapatao 53,000 wa mwaka 1972 waliorudi katika miaka ile. Mdogo alibaki pamoja na wengine zaidi ya 162,000 waliokubaliwa kuwa raia mwaka 2010, ingawa hati zenyewe zilianza kutolewa Oktoba 2014 tu.

Sasa tutazame upande wa pili, kwa sababu mwalimu wetu hakuuliza bure. Katika Katumba na Mishamo Wapentekoste ni wengi, nao hawagusi pombe kabisa. Je, wao hufunga matanga kwa nini? Tumekuta katika nyumba zao sufuria kubwa ya chai ya viungo. Tangawizi mbichi hupondwa kwa kinu kidogo pamoja na iliki, hutiwa katika maji na vipande vya mdalasini, ikachemka hata harufu ijae ua wote. Majani ya chai hutiwa mwisho, na maziwa kwa wenye nayo. Wengine huleta tangawizi kutoka upande wa Kigoma, ambako Buhigwe pana sifa ya zao hilo. Mzee mmoja wa kanisa alituambia kwamba wao hupika tangawizi iwe kali makusudi, ili mtu anywapo machozi yakimtoka asione haya mbele ya watoto. Hatukujua kama alifanya mzaha. Maneno ya siku hiyo ni yale yale: jina la marehemu, madeni yake, watoto wake, na amahoro mwishoni.

Kwa maoni yetu chai hiyo ni badala njema, wala hatuwadharau waliyoichagua. Hata hivyo kuna kitu kimoja kisichovukwa na vikombe. Kila mtu ana kikombe chake, na wawili wasiosemezana waweza kunywa chai ya sufuria moja kutwa nzima, huyu mwanzo wa safu na yule mwishoni, wakarudi makwao na chuki yao. Mtungi hauruhusu hivyo. Tumesikia kwamba katika nyumba fulani ya Mishamo walilitambua jambo hili, wakawatia ndugu wawili waliokosana chai katika bakuli moja, wakawaambia wapokezane. Huo ni ufahamu.

Hatusemi kwamba mtungi hauna hatari. Nafaka ya mwezi mzima yaweza kumalizika katika siku moja, na watoto wakalala njaa. Wako wapikao impeke kila Jumamosi kwa kuuza, wakaiita ya matanga ili mwalimu asiwaseme. Tena kupokezana mrija mmoja huleta maradhi. Kila mtu na awe na wake, kama desturi njema ilivyokuwa. Kwa wale ambao dhamiri zao haziwaruhusu pombe lakini hawataki kuuacha mtungi, iko njia ambayo wanawake wenyewe waijua: kuinywa asubuhi ya kwanza, kabla haijatoa povu, ikiwa bado ni togwa tamu. Mtoto aweza kuinywa. Wazee wengine hunung'unika kwamba hiyo ni impeke ya wanyonyaji. Na wanung'unike, mtungi ni ule ule na mirija ni ile ile.

Basi kwa mwalimu wa Mpanda twasema hivi: usiumwage mtungi kabla hujauliza umepikwa kwa ajili ya nani. Ukiambiwa jina, keti. Ukiambiwa bei, ondoka.

Mambo haya hayajawa ya kale. Mapema mwaka 2020 tume ya Burundi ya ukweli na mapatano ilifukua makaburi ya pamoja katika jimbo la Karusi, ikatangaza kwamba mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yalionekana humo, pamoja na vipande vya nguo, miwani na rozari. Habari zilifika Katumba upesi kwa simu. Kwa majuma kadha watu walitazama picha za miwani ile, wengine wakidhani waitambua. Mwaka ule mtama mwekundu uliuzwa ghali katika masoko ya huko kuliko kawaida, nasi tulipouliza sababu, mwuzaji alijibu kwamba watu wengi wanaloweka.

Mitungi ya udongo imeadimika, kwa kuwa wafinyanzi wazee wamekufa na vijana hawakujifunza. Bibi yule sasa hutumia ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, naye asema haipoi haraka kama udongo, basi humbidi kungoja zaidi. Mirija bado hukatwa mtoni.